Mashine Haina Pua

Majina yao ninayo yote. La fundi wa kwanza pamoja na la baba yake, la fundi wa pili na mtaa aliozaliwa, la yule mnunuzi aliyekuja na mnyororo wa kuvutia gari. Mtu nikimwona mara moja kwenye maulidi, nitakutajia na bibi yake mzaa mama. Lakini humu sitamwandika hata mmoja. Ukimwandika mtu jina lake kwenye karatasi umempa heshima, na hawa niliwapa chai, inatosha.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la zamani, lilikuwa jeupe na sasa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Marehemu mume wangu alilinunua likiwa limeshawachosha wenyewe huko lilikotoka, akalitunza mpaka na yeye akachoka. Alipofariki, gari aliachiwa binti yangu wa pili, ambaye alikuwa ameachika na kurudi kwangu Magomeni. Aliachiwa kulitumia tu. Msimamizi wa mirathi ni kaka yake, na kadi ya gari, ile ya umiliki, ilikaa kabatini kwa kaka yake, chini ya mashuka, kama dhahabu.

Binti yangu hubeba wanawake peke yao. Bibi harusi anayetoka kupambwa, mzazi anayetoka hospitali na mwanawe mchanga, kina mama watu wazima wanaokwenda msibani na hawataki kubanwa na magoti ya wanaume. Wanampigia simu, anakuja, anashuka kuwafungulia mlango, anapandisha vioo, na humo ndani yanasemwa mambo ambayo dereva mwanamume hatayasikia hata akizeekea kwenye usukani. Kwa kazi hiyo aliwavisha wanawe na kuwalisha, na hakuwahi kwenda kwa kaka yake kuomba hata chumvi. Kwa kaka anayependa kuombwa, hilo ni kosa kubwa.

Basi gari likaanza kutetemeka.

Ilikuwa Jumamosi, amembeba bibi harusi na somo yake aliyemfunda. Kufika mataa ya Magomeni, injini ikashikwa na kwikwi. Likisimama linatikisika, ukikanyaga mafuta linavuta kwa shida kama mtu mwenye pumu anayepandishwa ngazi. Kwenye dashibodi taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Somo, mwanamke mnene asiye na subira, akashika dari kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, tunakwenda harusini au tunachungwa kama unga?" Bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamwagika. Binti yangu hakucheka.

Jumatatu akalipeleka Gerezani, mtaa wa mafundi, kwa fundi wa kwanza. Kijana mwenye maneno laini na kucha safi, na ukiona fundi ana kucha safi ujue anafanya kazi kwa kidole kimoja. Alikuwa na kimashine cha mkononi chenye kioo, akakichomeka chini ya usukani, kikamwandikia namba. Akaitazama ile namba kama kadhi anayetazama talaka.

"Sensa ya oksijeni, sista. Imekufa."

"Umeiona?" binti yangu akamuuliza.

"Mashine imeiona."

Hakufungua boneti. Alilala chini ya gari, akatoa sensa kwenye bomba la moshi, akaweka nyingine ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililogongwa, na taa ikazimika. Kesho yake gari likatulia. Fundi akapata sifa, binti yangu akamwombea dua, mimi nikaambiwa habari hizo nikipika na nikasema alhamdulillahi. Ijumaa jioni kwikwi ikarudi, na taa yake.

Wa pili alikuwa na geti. Aliye na geti hujiona si fundi tena, ni mtaalamu. Mashine yake kubwa kama sinia la wageni, inaonyesha picha na mistari. Nayo ikatoa namba, namba mpya, na yeye akasema masega yameziba. Kama hujui masega, ni lile dude la kwenye bomba la moshi, ndani lina vitundu kama sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Akayakata, akaunga bomba tupu mahali pake. Yale masega akayafunga kwenye taulo, polepole, kama anamfunika mtoto.

Binti yangu akamwambia, "Nipe basi niondoke nayo."

"Ya nini, sista? Huo ni uchafu."

"Uchafu ndiyo unaulaza kwenye taulo?"

Fundi akacheka, akaliingiza taulo ofisini. Masega yana soko, kila mtu Dar anajua, hata wezi wa usiku wanajua. Nasema tu kwamba mwizi wa usiku hakutozi gharama ya kukata.

Sasa gari likawa linatetemeka na kunguruma juu yake. Linapita mtaani watu wanatoka barazani kuangalia. Mteja mmoja, mke wa mwenye duka la udi Kariakoo, mama wa watu wa Kiarabu ambaye binti yangu alikuwa akimpeleka kila alikoalikwa, akapiga simu kwa sauti ya asali. "Mwanangu, safari hii nimepata wa kunipeleka." Mwingine akasema shinikizo lake la damu halitaki mtikisiko. Mwingine hakusema kitu, aliacha tu kupiga. Binti yangu akawa anakaa uani na simu mapajani, anaitazama kama inavyotazamwa sufuria isiyotaka kuchemka.

Na kaka yake hapo ndipo alipopata nafasi yake. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Mama, hili gari limekwisha. Nimepata mtu, analichinja, anauza vipande. Atakuja Jumamosi na gari la kulivuta."

"Na dada yako atafanya nini?"

"Atafute biashara ya kike. Maandazi. Visheti."

Dada yake alikuwa anasikia. Akasema, "Kaka, mafundi hawajaona ugonjwa bado."

"Wameona. Kila mmoja kaona wake. Gari lenye magonjwa yote hayo halina ugonjwa, lina kitu." Akapunguza sauti, kama kile kitu kimekaa nasi. "Baba alilinunua hajui lilimwua nani huko kwao."

Mwanangu huyu amesoma. Nilimsomesha mimi kwa mbaazi na mahamri, mimi niliyeishia darasa la pili. Ana kompyuta kazini. Injini ikikohoa, anasema jini.

Wa kusema husda alikuwa wifi yangu. Ni dada wa marehemu, mjane kama mimi, anakaa chumba cha mbele, na tumegombana kwa upole tangu nilipoolewa. Kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini, wifi huchukua chetezo chake na mrashi wake wa fedha, akalizunguka gari akifukiza ubani na kunyunyiza marashi ya mawaridi, midomo inacheza. Sina ugomvi na ubani, nami nachoma. Ugomvi wangu ni kwamba wifi hajui kipimo. Akipika pilau, iliki inakufuata mpaka siku ya pili. Akililia maiti, wenye maiti wananyamaza wamtazame. Kadiri gari lilivyozidi kutikisika, na yeye akazidi kusoma na kunyunyiza, kwa maana aliona adui ana nguvu.

"Wanawake wanaopanda mle wanamwona mtoto ana gari," aliniambia. "Macho yao yanabaki kwenye chuma."

"Macho yakibaki kwenye chuma, si yaathiri rangi? Mbona yanakwenda kwenye injini?"

"Wewe, wifi, dunia hii umeipitia umefumba."

Ijumaa ile, ya kuamkia siku ya mnunuzi, binti yangu akaniambia baada ya chakula cha mchana kwamba anakwenda kwa fundi wa tatu, yuko mtaa wa nyuma Kariakoo, na akishindwa huyo basi. Nikavaa baibui. Akasema nisijisumbue. Nikamwambia nimechoka kuhadithiwa. Wifi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulifukiza gari, moshi ungali unaelea uani. Tukapanda, na kabla hatujafika barabara kubwa lilikuwa linatetemeka vibaya kuliko siku nilizosimuliwa. Meno yangu machache yaligongana. Kariakoo wabeba mizigo walitupisha wenyewe bila honi. Mmoja akaita, "Bibi, shuka hiyo, inataka kulipuka."

Fundi wa tatu alikuwa pande la mtu, bigijii inatafunwa mdomoni, spika ya simu masikioni, na sauti ya kuuzia mtumba. Aliniamkia, hilo alifundishwa kwao. Nikamwitikia. Akanipa stuli, akachomeka mashine yake, ikamwaga namba kama mkojo wa punda. Akazisoma kwa furaha.

"Silinda ya pili inamisi, haichomi. Mafuta yanaenda kidogo. Sensa tena. Masega tena. Bibi, hii injini imekufa. Inashushwa, inawekwa nyingine, nina moja safi ya mtumba kule stoo."

Namba zote hizo, na mwenyewe hajakunja mkono wa shati. Nikajiuliza hawa watu mashine ikiharibika watajuaje kama wamevaa suruali.

"Fungua nione," nikamwambia.

"Uone nini, Bibi?"

"Nimeambiwa sensa imekufa, masega yamekufa, sasa injini imekufa. Nina umri wa kuonyeshwa maiti kabla ya kuzika."

Watu wa kibanda cha jirani wakacheka. Fundi akatazama pembeni, akafungua boneti ili nimwondokee. Injini ya gari hili juu yake ina mashimo manne, marefu kama vinu vya dawa, plagi zimekaa chini kabisa, na kila moja ina koili iliyochomekwa juu yake, ndiyo inayoipelekea moto. Zamani kulikuwa na kifuniko cha plastiki juu ya yote hayo, fundi mmoja enzi za mume wangu alikivua akasema kinaleta joto, hakikurudi. Huyu akashika koili ya pili, akaivuta.

Ilitoka na harufu.

Nilisimama. Nimefukiza maharusi, nimeosha maiti wa kike, hakuna anayeweza kunidanganya kuhusu marashi ya mawaridi. Harufu ile ilitoka ndani ya injini, ya moto, imechanganyika na oili, kama bibi harusi aliyepika chapati.

Fundi akanusa vidole vyake. Akanusa tena. "Hii nini? Mbona inanukia kitchen party?" Akaitazama koili kwenye mwanga. Mpira wake ulikuwa umepasuka, umelowa, una michirizi myeupe ya chumvi. Akamulika kwa simu ndani ya shimo. "Kuna maji mle. Sista, mnaoga na gari?"

Binti yangu alikuwa amegeuka, ameshika ncha ya mtandio, anatazama mikungu ya ndizi ya watu.

Nikamwuliza taratibu, "Shangazi yako hufika mpaka humu?"

"Huniambia nimfungulie boneti, Mama. Anasema nje hakutoshi."

"Na hii chumvi?"

"Huitia kwenye mrashi. Chumvi ya mawe. Alianza baada ya siku ya yule bibi harusi."

"Na kabla?"

"Kabla alikuwa anatia marashi matupu."

"Hukuwaambia mafundi?"

"Mama, ningewaambiaje? Shangazi anaisomea injini?"

Hapo nikaelewa ule mwendo wa Ijumaa. Wifi anamimina, maji yanashuka kwenye shimo, gari linatetemeka Ijumaa na Jumamosi, joto la injini linayakausha kidogo kidogo, Jumanne limepona. Fundi wa kwanza alilipata Jumatatu, likakauka mikononi mwake, akapokea shukrani za jua na moto. Lilipozidi kutetemeka, wifi akazidi kumimina. Akaongeza chumvi, na chumvi haikukauka ikaondoka, ilibaki.

Fundi naye akageuka mwalimu. Dakika iliyopita alikuwa anatuuzia injini, sasa kaitoa spika sikioni, kaegemea gari, anatufundisha. "Sikia, Bibi. Moto wa plagi ukikuta njia ya maji ya chumvi, unapita pembeni, plagi hauifikii. Ile silinda inatoa hewa haijaungua, inaenda kwenye bomba la moshi. Sensa inakuta hewa nyingi, inalalamika. Sensa nzima kabisa, inasema kweli. Sasa mashine inaandika aliyelalamika. Aliyeumia haimwandiki."

"Leo ilimwandika," nikasema. "Silinda ya pili, umeisoma mwenyewe. Ukataka kushusha injini."

Kisha akaita wenzake waje wanuse. Wakaja, wakanusa, mmoja akasema hodi hodi kama anaingia chumba cha bibi harusi, na binti yangu akazidi kuzitazama ndizi.

Fundi akapuliza mashimo kwa hewa, akafuta, akabadilisha koili ile na plagi yake. Ile plagi kuukuu alinionyesha, kwenye shingo yake nyeupe palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama nyusi iliyochorwa, ndipo moto ulipokuwa ukipita kukwepa kazi. Akawasha. Gari lilinguruma, kwa maana bomba ni tupu, lakini halikutikisika. Niliweka kiganja kwenye bodi, nikakiacha hapo. Akafuta namba zote kwenye mashine, akalizungusha mtaani, akarudi. Ilikuwa imebaki namba moja tu, ya masega. Safari hiyo mashine ilisema kweli tupu, masega hayakuwepo.

Nyumbani wifi alikuwa anatoka kuswali magharibi. Nilimngoja amalize kukunja mswala, sikutaka aseme nimemkatizia.

"Wifi, boneti ulikuwa unaifungulia nini?"

"Moyo wa gari uko nje? Mgonjwa unamfukizia mlango?"

"Na chumvi?"

"Chumvi inafukuza."

"Imefukuza. Wateja wote wamekwenda."

Nikamweleza. Akanisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anamsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Nilipomaliza akasema, "Na limepona lini?"

"Leo."

"Ijumaa. Baada ya kulisomea." Akakunja mikono. "Mmenisubiri nimtoe adui ndipo mwende mkampe fundi sifa. Hayo nimeyazoea, tangu ndugu yangu yu hai."

Kuna watu ukiwaletea ushahidi wanaukaribisha, wanaupa kiti, kisha wanautumia. Nilikuwa natafuta neno la kumrudishia ambalo lisingemfukuza nyumba, na sikulipata, maana ninayoyajua juu ya wifi yote yanafukuza nyumba. Aliyesema ni binti yangu. Alitoka chumbani, funguo za gari mkononi.

"Shangazi, boneti haifunguliwi tena na mtu asiye fundi."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe, Shangazi, na shikamoo yako iko palepale. Ubani karibu, nje. Mrashi, hapana. Wanangu wanakula kwa gari hili."

Katika maisha yangu sijapata kumsikia mtoto yule akimkatalia mkubwa. Hata kuachwa, aliachwa akisema ndiyo. Wifi akaingia chumbani akafunga mlango. Asubuhi akasusa chai. Aliisusa mpaka ikapoa, akaomba ipashwe moto, akainywa.

Binti yangu hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amewapigia wateja wake usiku, mmoja mmoja, anaomba wamjaribu. Mke wa mwenye duka la udi akasema atafikiri, na bado anafikiri. Yule somo mnene akasema sawa, ana bibi harusi wa kumpeleka Kigamboni, lakini akitikiswa tena hatalipa. Wakaondoka mapema.

Mwanangu akafika na mnunuzi wake, mtu mfupi mwenye suruali ya mifuko mingi, na gari la kuvuta likiziba njia yetu. Wakaingia uani. Wakakuta doa la oili chini na kuku wangu mmoja anapekua hapo. Mwanangu akamtazama kuku.

"Gari liko wapi, Mama?"

"Liko kazini."

Akampigia dada yake, akaweka sauti kubwa ili mnunuzi asikie yeye ndiye msemaji.

"Shikamoo kaka. Niko Kivukoni, nasubiri pantoni, nina abiria."

"Linatembea?"

"Linatembea. Nikusogezee simu kwenye injini?"

Tukasikia mlango, tukasikia zile kelele za bomba tupu, na nyuma yake injini, inakwenda sawasawa bila kujikwaa. Juu ya yote sauti ya somo inasema, "Mwambie aache kutupotezea muda, pantoni inafungua." Mnunuzi aliinamisha sikio, akasikiliza kwa makini kuliko mafundi wote watatu. Akakunja mnyororo wake wa kuvutia.

"Bosi, hii haichinjwi. Mimi niliitwa kuchukua maiti."

Akaondoka na kinyongo cha mafuta aliyounguza. Mwanangu akabaki kwenye kiti cha baba yake, shati lake limepigwa pasi vilevile. Nikamletea kahawa. Nikamngoja ameze.

"Kadi ya gari utaileta lini?"

"Tutaongea, Mama."

"Tunaongea."

"Taratibu za mirathi zinataka muda."

"Leo ungemuuzia yule bwana. Huyo ulikuwa unampa nini, kama si kadi? Muda huo ulikuwa umeutoa wapi?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni kwake, anasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe ukoo ule akasimama upande wangu. "Mpe mtoto kadi yake," akasema. "Au unataka nikusomee na wewe?"

Kadi ilikuja Jumatatu. Mwanangu aliileta ndani ya bahasha, akaiweka mezani bila kukaa, akasema ofisini wanamsubiri. Dada yake akaifungua, akaisoma mbele na nyuma, akauliza ni ofisi gani wanakobadilisha jina na inafunguliwa saa ngapi. Kaka yake alijua. Alikuwa anajua siku zote.